Pale Ambapo Mabior Angekataa Kuingia

Bwawa la Lemarai, nje ya Nanyuki
4 Machi 2024

Ndugu Ater,

Salamu kutoka kwangu na kwa mke wangu Bilha. Hatujasemezana tangu tumzike Riang hapo Juba mwezi wa Novemba, na hata siku hiyo tulipeana mkono tu kama watu wanaopishana mlangoni. Najua hunipendi. Sikuandikii ili unipende, nakuandikia kwa sababu nina swali ambalo wewe peke yako unaweza kulijibu.

Kuna mchezo unaochezwa dunia nzima. Mtu anaficha kasha mahali, anaweka vipimo vya mahali hapo kwenye mtandao pamoja na fumbo dogo, kisha wengine wanalitafuta kwa simu. Ndani ya kasha huwa kuna kidaftari. Ukilipata unaandika jina lako, na ukichukua kitu unaacha kitu. Wenyewe wanauita jiokeshi. Makasha mengi yako chini ya mawe na kwenye mashina ya miti. Machache yako chini ya maji, na hayo hutafutwa na wanaopiga mbizi kwa mtungi wa hewa.

Riang alikuwa mmoja wao, na mimi pia. Tulijifunza pamoja hapa bwawani, miaka mitatu iliyopita, kwa mwalimu anayeitwa Jepchirchir. Agosti mwaka jana, siku ambayo mimi nilikuwa Nairobi, Riang alishuka na mtalii mmoja akaficha kasha lake. Alinicheka kwenye simu: "Banker, hilo hutalipata hata ukinywa bwawa lote." Nilimwambia tutaona. Miezi mitatu baadaye ini likamuua.

Vipimo alivyoweka vinakufikisha kwenye ghuba ndogo tu, upande wa mashariki. Baada ya hapo kuna fumbo, nami nalinakili kama alivyoliandika:

"Nimeliacha pale ambapo Mabior angekataa kuingia. Ukishindwa, muulize Ater."

Nimeshindwa. Mabior ni nani?

Wako,
Isaiah


Munuki, Juba
17 Machi 2024

Bwana Isaiah,

Barua yako nimeletewa na Mugisha, utingo wa basi la Kampala, ikiwa imekunjwa ndani ya soksi yake. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unapoomba radhi. Sikupaona.

Hebu tuelewane. Hapa Munuki maji yanakuja kwa lori la tangi la bluu, yamechotwa mtoni, na jirani yangu anaamka kabla ya jua kulisubiri na mapipa. Nyinyi huko mnavaa ngozi za mpira, mnajifunga mitungi mgongoni, mnashuka chini ya maji matamu kuficha vikopo. Kisha mnaweka kwenye mtandao ili watu wazima wenzenu waje kuvitafuta. Nimekuwa nikiandika safu gazetini kwa miaka kumi na minne, nimegombana na mawaziri, maaskofu na wauza saruji, lakini sijawahi kupewa shabaha nyepesi hivi. Nikitaka naimaliza Alhamisi hii kwa maneno mia sita.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Nimemjua Riang kwa miaka thelathini na miwili. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma tukiwa na vidonda vya miguu vinavyofanana. Tulikula uji kutoka bakuli moja mpaka likatoboka, tukaliziba kwa lami, tukaendelea kulia humo. Nilimfundisha kusoma, akanifundisha kunyamaza, ingawa somo hilo halikunikaa. Wewe ulimkuta akiwa na tai shingoni, kwenye ubaridi wa benki yenu ya mtaa wa Amarat, akiwa tayari ni mtu. Nani asingempenda mtu aliyekwisha kutengenezwa?

Na sasa unaniambia kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiruka Kenya kila likizo kwenda kuzama na wewe, nami nikiambiwa anatibiwa meno. Meno, Isaiah! Nilimuuliza ana meno mangapi mtu huyu. Alicheka tu.

Halafu Riang aliogopa maji. Mimi nilikuwa naye kando ya mto kila Jumapili, na hakuwahi kutia hata kidole. Kwa hiyo ama umenidanganya, ama mlimlazimisha.

Unataka kujua Mabior ni nani. Nami nataka kujua kwa nini sikuambiwa. Anza wewe.

Ater


Lemarai
29 Machi 2024

Ndugu Ater,

Sikukudanganya. Riang hakuogopa maji. Wewe ndiye unayeyaogopa. Alikaa kando ya mto kila Jumapili kwa sababu hakutaka kukuacha ukingoni peke yako. Aliniambia mwenyewe tukiwa kwenye mashua, na sikufikiri siku moja ningelazimika kukwambia.

Kwa nini hukuambiwa? Kwa sababu ungeandika maneno mia sita.

Sasa nikueleze hali ilivyo chini, ili uone kwamba sikuulizi kwa uvivu. Kabla ya bwawa kujengwa, hapa palikuwa ranchi. Maji yalipopanda yalifunika kila kitu. Katika ghuba hiyo vimebaki vitu viwili tu vya kuingiwa na mtu au mnyama. Cha kwanza ni josho la ng'ombe, lile handaki jembamba la saruji ambamo ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe. Liko mita nane tu chini. Cha pili ni shule ndogo ya watoto wa wafanyakazi wa ranchi, vyumba viwili visivyo na paa, mita kumi na tisa chini, na bado imezungukwa na ua wa seng'enge. Huku juu maji ni ya kijani. Huko chini ni kahawia, na ukinyoosha mkono huoni kiganja chako. Unatafuta kwa kupapasa. Vyote viwili vimejaa tope, na kupapasa kimoja kunakula mtungi mzima.

Mvua ndefu zikianza maji yanakuwa kama chai ya maziwa mpaka Julai. Nina nafasi ya kushuka mara moja, pengine mbili. Jepchirchir hapendi shule. Anasema pale kuna waya zinazoelea ambazo hazionekani. Ningependa kumwambia kwamba hatuna haja ya kwenda huko, au kama tuna haja, nijue ni ya kweli.

Ater, hilo kasha ni kitu cha mwisho alichokiweka mahali kwa mikono yake akikusudia kipatikane. Hilo ndilo tu ninalotaka. Mabior ni nani? Je, alikuwa rafiki yenu? Je, alikataa kuingia wapi?

Isaiah


Munuki, Juba
8 Aprili 2024

Bwana Isaiah,

Umeuliza kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu.

Mabior alikuwa mvulana wa darasa letu pale kambini. Mrefu, mweupe wa majivu kila wakati, mkaidi. Siku ya kwanza ya shule mwalimu alimwambia aingie darasani, akakataa. Alisimama mlangoni mpaka adhuhuri. Siku ya pili vivyo hivyo. Tulimcheka mpaka tukachoka. Hakuingia kamwe.

Riang alimkumbuka siku zote. Nadhani jibu lako unalo.

Umesema mengi juu ya mto na mimi. Sitayajibu.

Ater


Munuki, Juba
11 Aprili 2024

Isaiah,

Usishuke shuleni. Naanza na hilo ili hata ukiichana barua hii baada ya mstari wa kwanza uwe umelisoma.

Hakuna mvulana aliyeitwa Mabior. Nimemtunga kwa dakika kumi, na nimekuwa mgonjwa kwa siku tatu.

Mabior ni fahali. Kwetu kila mwanamume ana fahali wake, anamwimbia, anaitwa kwa rangi yake, na Mabior ni jina la fahali mweupe. Mkenya aliyekaa Juba miaka minane ya kiyoyozi asingelijua hilo, na mimi nilijua kwamba hulijui, nikaona raha. Lakini sisi tulikuwa watoto wa kambi. Tungempata wapi fahali? Tulifinyanga wa udongo. Kila mvulana alikuwa na wake. Wa Riang alikuwa mkubwa kama paka, pembe zimejipinda kama za fahali wa kweli, amepakwa majivu mpaka anang'aa. Huyo ndiye Mabior. Wavulana walitoka upande wa pili wa kambi kuja kumtazama.

Siku moja watu wa mifugo walikuja kuwaogesha mbuzi wa wenyeji dawa. Tukaiga. Tulikata debe la mafuta ya msaada kwa urefu, tukalifukia, tukalijaza maji, tukaliita josho. Kila fahali alipaswa kupita. Riang alikataa. Alisema, "Mabior hataki. Mabior amekataa kuingia." Sisi tukamcheka, na katika kuchekana na kusukumana Mabior akaanguka ndani. Udongo mbichi, Isaiah. Riang alipomtoa alikuwa hana pembe, hana uso. Alilia siku mbili.

Kwa hiyo ni josho. Mita nane. Kasha liko joshoni.

Unataka kujua kwa nini nilidanganya. Kwa sababu hadithi hiyo ni ya watu wawili, na mmoja amekufa, na ukiijua wewe tutakuwa tena wawili, lakini wawili ambao sikuwachagua. Kwa sababu uliniambia habari za mto. Kwa sababu aliandika "muulize Ater" kana kwamba mimi ni kamusi iliyo rafuni, na wewe ndiye msafiri.

Mugisha ameshaondoka na barua ile ya uongo juzi Jumanne. Atarudi Alhamisi ijayo, nami nitampa hii. Nimemwambia mke wa mwenye duka hapa jirani animulike taa nikikosa kuamka.

Usishuke shuleni.

Ater


Nanyuki
19 Aprili 2024

Shemeji Ater,

Ni Bilha, mke wa Isaiah. Sijawahi kukuandikia na sikutarajia kukuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi.

Juzi Jumatano Isaiah alishuka na Jepchirchir kwenye ile shule. Alikuwa amepata barua yako Jumatatu, akaisoma kwa sauti tukiwa mezani, akasema, "Unaona Bilha, Ater ni mtu mgumu lakini si mtu mbaya." Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Jepchirchir anasema walikuwa wamepapasa chumba cha kwanza chote na wanaingia cha pili. Waya ya seng'enge ilimnasa Isaiah kwenye mpira wa hewa, nyuma, pale ambapo mtu hawezi kufika mwenyewe. Alijigeuza kujinasua, na kila akijigeuza waya ikazidi kumzunguka. Jepchirchir alimpata kwa kufuata kamba iliyowafunga mkononi, akakata waya kwa kisu, akampa kinywa chake cha akiba wavute mtungi mmoja wote wawili. Walipanda haraka kuliko inavyoruhusiwa kwa sababu hewa ilikuwa inakwisha. Ana nyuzi kumi na moja begani na mapafu yanapiga filimbi. Daktari anasema atapona. Kwa siku mbili hakusema hivyo.

Hakupata kitu. Anarudia jambo moja tu: "Haikuwepo, nimepapasa kila kona, nitamwambia nini Ater."

Mimi sijui kama ulikosea au uliamua. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na namjua mtoto anapojibu haraka mno bila maswali. Barua yako ilikuwa fupi, shemeji. Zako nyingine si fupi.

Kama ulikosea, nisamehe. Kama uliamua, usituandikie tena.

Bilha


Munuki, Juba
2 Mei 2024

Shemeji Bilha, na Isaiah kama atasoma,

Niliamua.

Barua niliyoandika tarehe kumi na moja mtakuwa mmeipata baada ya yote. Sikuiandika ili inifae mahakamani. Nilidhani bado kuna muda.

Nimejaribu kuandika kuhusu jambo hili kwa njia ninayoijua, yaani kwa hasira, na nimeona hakuna wa kumkasirikia. Nimeacha safu yangu kwa wiki tatu. Mhariri anafikiri nimetishwa na serikali. Sikumkanusha, inanipa heshima nisiyostahili.

Shemeji, umesema nisiandike tena. Sitaandika mpaka niandikiwe.

Ater


Lemarai
21 Julai 2024

Ater,

Miezi mitatu nimekuwa nikitafuta la kukwambia, na la kwanza ni hili: ulikuwa na namba yangu ya simu. Tarehe kumi na moja Aprili ulikaa ukaandika kurasa mbili za toba, ukamngojea Mugisha wiki nzima arudi, na simu ilikuwa mfukoni mwako. Ungesema maneno mawili. "Usishuke shuleni." Kwa nini hukupiga?

Bilha anasema uliogopa kusikia sauti yangu. Nadhani amesema kweli. Mimi pia, katika miezi hii, nimeishika simu mara nyingi nikairudisha mezani.

Sasa la pili, ambalo ni gumu zaidi kwangu. Unadhani ni wewe peke yako mwenye wivu? Nilifanya kazi na Riang miaka minane Juba, tukawa marafiki miaka mitatu zaidi baada ya mimi kurudi huku kufuga nyuki. Miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo sijawahi kula naye mlo mmoja bila kusikia jina lako. Ater angesema hivi. Ater angegombana na huyu mhudumu. Ater hii supu angeitukana kwanza halafu amalize. Nilijifunza kupiga mbizi nikiwa na miaka arobaini na minane, goti bovu, kwa sababu moja tu: chini ya maji hakuna anayeweza kuzungumza. Kwa dakika arobaini alikuwa rafiki yangu bila wewe. Ndiyo maana nililitaka lile kasha kabla yako. Ndiyo maana nilikuuliza kwa ufupi badala ya kukualika uje tulitafute wote. Ningekualika tangu Machi, ungekuja, na hakuna aliyenizuia ila mimi.

Maji yalitulia wiki iliyopita. Jumanne nilishuka na Jepchirchir joshoni. Bilha alikaa kwenye mashua ameshika saa.

Lilikuwa pale. Upande ambao ng'ombe walikuwa wakiingilia, kwenye pembe ya ngazi ya mwisho, limefungwa kwenye jiwe kwa waya wa shaba. Kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha mpira. Nililijua kwa mkono kabla ya kuliona. Nililia ndani ya miwani, Ater, na hilo ni jambo la kijinga sana kufanya mita nane chini.

Tulilifungulia kwenye mashua. Ndani kulikuwa na kidaftari, kalamu, kitu kilichofungwa kwa kitambaa, na karatasi ya Riang ndani ya mfuko wa plastiki. Nainakili yote.

"Banker, kama umefika hapa moja kwa moja, basi Ater amezeeka vizuri kuliko nilivyotegemea. Kama ulianzia shuleni, pole sana. Nilijua anaweza kukupeleka huko, kwa sababu huko chini kuna mahali pawili tu na yeye hapendi kugawana hadithi ya josho. Nilikagua ua wenyewe, si mbaya, pita mlangoni. Usigombane naye. Akiwa na wivu anakuwa mjinga kabisa, halafu anaona aibu anakuwa mtu mzuri kuliko sisi wote. Inachukua siku tatu. Subiri.

Mstari wa kwanza wa daftari ni wako, umeuogelea. Kilicho kwenye kitambaa si chako. Hicho ni cha Ater, na asiletewe. Aje akichukue mwenyewe hapo kilipo.

Ater, huyu nimemchoma kwenye tanuri la wafinyanzi siku mbili. Hayeyuki. Mtie majini kadiri unavyotaka."

Ua ulikuwa mbaya. Waya ile ililegea baada ya yeye kuukagua, hakujua. Simlaumu. Wewe nilikulaumu, na nimemaliza. Nilihesabu: tarehe nane mpaka tarehe kumi na moja ni siku tatu. Alikujua mpaka kwa tarehe. Nilipoiona hiyo niliona wivu tena, palepale, nikiwa bado natiririka maji.

Sikufungua kitambaa. Nilikipapasa tu kutoka nje. Ana pembe.

Tumerudisha kila kitu mahali pake. Niliandika jina langu mstari wa kwanza. Jepchirchir naye ana haki ya kutia sahihi, alitaka wa pili, nikamwambia aandike wa tatu. Alinitazama kana kwamba aliniokoa bure. Mstari wa pili uko wazi.

Sina hakika ninauelewa ule mstari wa mwisho wa barua yake. Ulisema Mabior alianguka.

Isaiah


Munuki, Juba
10 Agosti 2024

Ndugu yangu Isaiah,

Hakuanguka. Nilimsukuma.

Hakukuwa na kuchekana wala kupigana vikumbo. Wavulana walikuwa wamekwenda kutazama mbuzi. Tulikuwa mimi na Riang, na Riang alikuwa amenipa Mabior nimshikie akaenda kukojoa. Fahali wangu mimi alikuwa amevunjika mguu, mfupi, kama mbwa aliyelala. Hakuna aliyetoka upande wa pili wa kambi kuja kumtazama. Nilimshika Mabior, nikamwona alivyo, nikamtia kwenye debe nikambonyeza na kiganja. Nilihesabu mpaka ishirini. Kisha nikapiga kelele kwamba ameanguka.

Kwa miaka thelathini na miwili nimesimulia kwamba alianguka, hata kwako, hata ndani ya barua ya toba. Nimewatukana waongo wa nchi hii kila Alhamisi kwa jina langu kamili. Na Riang alikuwa akisikiliza, akitikisa kichwa, akiongeza maelezo pale niliposahau, "eh, alianguka, na ilikuwa jioni." Alijua. Alijua tangu siku ile, kwa sababu alirudi kutoka haja akakuta mkono wangu una majivu mpaka kwenye kiwiko. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka niliposoma nakala yako, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya tangi la maji na mapipa mawili, na jirani akanisukuma niendelee.

Nilitaka kujua ni nani kati yetu alimjua zaidi. Nilikuwa nauliza swali kwa upande usio wake.

Kuhusu simu: ndiyo, niliogopa sauti yako. Sina cha kuongeza. Malesh, Isaiah. Hapa tunalisema neno hilo hata tukikanyagana sokoni, kwa hiyo nilikataa kuliandika mpaka sasa. Malesh kwa bega lako. Malesh kwa Bilha, na kwa benchi lile la wodi.

Sasa sikiliza. Kuna hoteli hapa Amarat yenye bwawa la kuogelea, nyuma ya jenereta. Kila siku saa kumi na moja asubuhi kabla ya wageni kuamka ninaingia humo na mwalimu anayeitwa Janepher, Mganda, umri wa binti yangu kama ningekuwa na binti. Siku ya kwanza nilishika ukingo kwa saa nzima. Alisimama juu yangu akasema, "Mzee, achia ukuta. Ukuta hii haiendi mahali." Nilimjibu kwa hoja tatu. Akasema, "Hoja haielei, mzee." Wafua shuka walisikia, na sasa hilo ndilo jina langu pale: Mzee Hoja.

Wiki hii nimetia uso ndani. Ni kweli unavyosema, huko chini hakuna anayeweza kuzungumza. Nimechukia kila dakika yake, lakini kesho nitarudi.

Janepher anasema Desemba. Mwambie Jepchirchir aandae mtungi kwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mwoga, mbishi, mwenye kichwa kikubwa. Mwambie Bilha kwamba nikifika nitasimama nje ya geti mpaka aseme niingie, hata kama ni mpaka adhuhuri, hata kama ni siku ya pili.

Na wewe, usimruhusu mtu yeyote aliguse kopo lile kabla yangu. Si Jepchirchir, si watalii, si wewe. Usiende hata kulikagua. Ndiyo, ni wivu, najua unaitwaje. Mstari wa kwanza ni wako na nimejaribu kwa wiki nzima kuona ni haki. Karibu nimefaulu.

Nikimpata Mabior nitamfungua kitambaa palepale joshoni, chini, kabla ya kupanda. Nataka kumshika majini nikihesabu mpaka ishirini.

Ater